Abiria wa Kona ya Haddow

Kila asubuhi ya siku ya kazi, saa mbili kasoro dakika ishirini, basi la Haddow husimama kwenye kona isiyo na mtu. Dereva hufungua mlango wa mbele, hushusha ngazi mpaka chini kama wafanyiwavyo wazee, husubiri kidogo, halafu hufunga na kuondoka. Abiria wageni hutazamana. Wenyeji hawainui hata macho kwenye simu zao. Huvuta makoti shingoni tu, maana baridi ya Scarborough, huku pembezoni mwa jiji, ikifunguliwa mlango haiombi ruhusa, na ile ya kona hiyo huingia kama mtu aliyechelewa kazini.

Dhanmattie Sukhdeo hakuwa akipandia pale. Kona ilikuwa hatua sitini kutoka mlangoni kwake. Angeweza kutoka na kikombe cha chai mkononi akafika nacho kingali kinafuka. Lakini yeye aliipita, akavuka kwenye taa, akaburuta buti zake kwenye theluji hadi kituo cha mbele yake, dakika kumi na mbili za kuteleza kwa mwanamke wa miaka sitini na tisa mwenye goti la malalamiko. Jioni alirudi vivyo hivyo, kwa kuwa basi lile huzunguka mtaa kwa upande mmoja tu: alishuka kituo kimoja kabla, akamalizia kwa miguu. Alikuwa akifanya kazi jikoni kwenye kituo cha mchana cha wazee, akiwapikia watu wa umri wake na kuwaambia wale mboga.

Alifanya hivyo kwa majira ya baridi manne, tangu mumewe Jaikarran alipofia kwenye kona ile akisubiri basi.

Aliyemfumbua macho ni dereva mwenyewe, Kugan, Mtamil wa Jaffna mwenye sharubu nene na uvumilivu mwingi. Siku moja ya majira ya baridi yale ya kwanza Dhanmattie alikuwa amekaa kiti cha kwanza, basi limesimama kwenye taa nyekundu, Kugan akamwangalia kwenye kioo.

"Anti, mumeo alikuwa na kofia ya kahawia yenye masikio?"

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Huniinulia mkono kila asubuhi. Nikisimama, hapandi. Ananitazama kama mimi ndiye niliyechelewa."

"Ulichelewa," Dhanmattie akasema. "Siku ile basi lilichelewa dakika arobaini."

Taa ikawaka kijani, Kugan akaliondoa basi. Kisha akasema taratibu, "Siku ile nilikuwa likizo, Anti. Na theluji ilikuwa imefunga barabara nzima."

"Usinieleze mimi. Mweleze yeye."

"Nilimweleza. Hajibu." Akakata kona. "Nimekimbia mabomu mimi, sitaogopa kofia. Ila wale madereva wapya wananisikitisha. Hakuna anayewaambia, nao wanasimama vilevile. Juzi mmoja ameomba ahamishwe. Kwenye fomu ameandika sababu ni mgongo."

Dhanmattie hakushtuka kama ambavyo ungedhani. Alijisikia vibaya kidogo, kama mke aliyeambiwa na jirani kwamba mumewe anakaa barazani kwa watu mchana kutwa. Jaikarran alipofariki, pandit, kuhani wa Kihindu, alikuja akaimba yote ya kuimbwa. Siku ya kumi na tatu walipika sufuria saba na kulisha mtaa mzima. Majivu yalimwagwa mtoni. Pandit alimhakikishia kwamba marehemu ameshavuka. Lakini pandit ana gari lake. Hajui chochote kuhusu basi la Haddow.

Na sababu ya Jaikarran kubaki pale, Dhanmattie aliijua.

Jaikarran alikuwa fundi wa mashine kiwandani, mtu wa Berbice, nchi ya joto na miwa ng'ambo ya bahari, aliyehamia Scarborough kijana na kuzeekea humo akingoja treni. Kila baada ya miaka michache watu wa jiji walikuja na ramani mpya. Wengine walitaka treni ya chini ya ardhi, kama ile ya katikati ya jiji: vituo vitatu, mbalimbali, handaki refu. Wengine walitaka treni nyepesi ya kupita juu ya barabara: vituo saba, karibu na watu, na ingejengwa upesi zaidi. Watu walibishana kwenye maktaba, kwenye kumbi za makanisa, kwenye foleni ya roti. Ndugu walisusiana. Wakati huo basi likaendelea kuchelewa.

Jaikarran alikuwa wa treni ya chini, damu na mifupa. "Wale wa mjini wana joto chini ya miguu yao," alikuwa akisema. "Wanateremka na viatu vya ngozi. Sisi tunaambiwa tuchukue kitu kitakachosimama kwenye taa pamoja na baiskeli. Kwa nini? Pua zetu zimepigwa plasta, hatunusi hila?" Hakuwa mjinga. Miaka thelathini alitengeneza mashine za watu waliomwita kwa jina alilofupishiwa na msimamizi, na alijua jinsi mabaki yanavyofungwa vizuri kwenye karatasi ili yaonekane zawadi.

Mwaka wake wa mwisho, kwenye kikao rasmi katika ukumbi wa kanisa, aliifikia maikrofoni na kusema: "Karani, andika. Mimi Jaikarran Sukhdeo siondoki kona ya Haddow mpaka treni ipite chini ya miguu yangu." Watu walicheka, wakapiga makofi mpaka viti vikalia. Karani akaandika. Ikaingia kwenye kumbukumbu za kikao pamoja na tarehe. Januari iliyofuata, theluji ikidondoka kwa ubavu, Jaikarran alisimama kwenye kona ile dakika arobaini, akakaa chini ya nguzo ya kituo kama anayefunga kamba ya kiatu, na hakuinuka.

Asubuhi hiyo walikuwa wamegombana mezani. Dhanmattie alisema treni nyepesi ingetosha. Jaikarran alisema, "Mwanamke, wewe ukipewa nusu ya mkate unaomba kisu uikate tena." Akatoka bila kumaliza chai. Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya ndoa ya miaka arobaini na mbili, na Dhanmattie angetoa vingi apate mengine.

Baada ya mazishi, treni ya chini ilimrithi Dhanmattie. Hakuitafuta, aliletewa mlangoni na Egbert Pusey, mwenyekiti wa Kamati ya Wakazi, Mjamaika aliyestaafu kuuza bima na ambaye bado angeweza kumuuzia bima mtu aliyeko ndani ya jeneza. Egbert alichapa picha ya Jaikarran kwenye mabango. Kwenye kila kikao alipeleka mojawapo ya barua ambazo marehemu aliwaandikia watu wa jiji alipokuwa hai, na kuisoma kwa sauti ya mhubiri. Dhanmattie alikaa kando yake amevaa nyeupe ya ujane, akitikisa kichwa mahali pa kutikisa.

"Dada Mattie," Egbert alimwambia, "mumeo amekuwa mtu mkubwa kuliko alipokuwa hai."

"Alipokuwa hai alikuwa anakula kwa wakati," Dhanmattie akajibu.

Aliyatenda yote hayo kwa hesabu yake moja, na hesabu hiyo hakumwambia Egbert. Aliwaza: treni ya chini ikijengwa, ikapita chini ya miguu ya Jaikarran, kiapo kimetimia. Ataenda zake. Hilo tu ndilo alilolitaka, mume wake atoke kwenye baridi. Vituo vitatu au thelathini, handaki au reli, hakujali tena.

Kisha ikaja ile siku ya maktaba.

Jiji lilitandika ramani mpya ukutani. Kila mkazi aliyeingia alipewa kibandiko kimoja cha duara, cha kijani, akibandike kwenye mpango anaoutaka. Ndiyo desturi yao, na utawaona watu wazima wenye nyumba na wajukuu wakikishika kibandiko kama watoto wa shule walioshinda mbio. Upande wa treni ya chini ulikuwa umeshajaa ukurutu wa kijani. Dhanmattie alikwenda na chake kidoleni, na kabla ya kubandika akamwuliza msichana wa jiji aliyesimama pale na fimbo.

"Binti, hii inapita chini ya kona ya Haddow sehemu gani?"

Msichana akainama, akatafuta. "Haipiti Haddow, mama. Inapita huku." Fimbo ikagusa mbali, upande wa magharibi. "Kutoka Haddow ni kama kilomita mbili na nusu."

"Haiwezi kupinda kidogo?"

"Treni ya chini haipendi kupinda, mama. Kila pindo ni mlima wa pesa."

"Na zile ramani za zamani?"

"Hata zile. Hakuna mpango wowote wa handaki uliowahi kupita Haddow."

Dhanmattie alisimama pale muda mrefu hata watu wakaanza kumzunguka. Miaka minne. Mabango, nguo nyeupe, kutikisa kichwa. Na Jaikarran mwenyewe, miaka kumi na mitano ya vikao, mtu wa kupima kila kitu kwa futi, hakuwahi kuweka kidole kwenye ramani akafuata mstari mpaka nyumbani kwake. Alikuwa akiitetea treni ya chini kwa ajili ya heshima, na heshima haina ramani. Sasa angesimama pale mpaka kona yenyewe ifutike, akingoja kitu kisichokuja.

"Na hii nyepesi?" aliuliza mwishowe.

"Hii ina kituo palepale Haddow."

Alirudi nyumbani na kibandiko bado kidoleni. Kilimkwama hata kwenye maji ya vyombo.

Jioni hiyo mpangaji wake wa chumba cha chini, Ligaya, Mfilipino anayewahudumia wagonjwa hospitalini, alipanda ngazi kuleta sahani aliyoazima. Alimkuta mwenye nyumba amekaa gizani na taa iko karibu. Dhanmattie akamweleza yote, kofia, kiapo na ramani.

Ligaya hakushangaa. "Anti, mimi husimama naye kila siku. Basi langu ni la kabla ya hilo la Kugan. Hana shida. Ila nikitaka kukaa upande usio na upepo, huwa ananisukuma kidogo."

"Huyo ni yeye," Dhanmattie akasema. "Hata kitandani."

"Sikukwambia kwa kuwa nilidhani unajua. Nilidhani ndiyo maana hupandii pale."

Mabomba ya joto yalikuwa yakigonga ukutani.

"Sasa nikuulize na mimi," Ligaya akasema, "maana Anko Egbert nikimuuliza ananipa karatasi. Hiyo treni ya chini, mimi nitaipandaje? Nipande basi kwenda kuipanda. Nikishapanda basi, si nimeshapanda basi? Magoti haya yana saa kumi na mbili za kusimama wodini. Ile nyepesi inasimama hapa nje. Inisimamie kwenye taa na baiskeli, sawa, mimi nitawapungia mkono."

"Jaikarran angekwambia unaomba nusu ya mkate."

"Angekuwa anaomba mzima tukiwa tumeshiba, ningemsaidia kuomba." Akafuta sahani iliyokuwa safi tayari. "Samahani, Anti. Ni mumeo."

"Endelea. Mimi nilimwambia hayo hayo, akatoka akafa."

Ligaya akaketi. "Aliapa wapi?"

"Kwenye kikao. Kwenye maikrofoni."

"Basi kwa nini unahangaika na handaki? Hospitalini, kitu kikiandikwa kwenye faili, hata daktari mkuu hawezi kukifuta kwa mdomo. Kinafutwa kwenye faili. Kiapo cha kikao kifutwe kwenye kikao."

"Na nani? Aliyeapa ni yeye."

Kikao cha kamati ya jiji kilikuwa kimebaki wiki moja, safari hii mjini, mbele ya wenye kura, na orodha ya wasemaji ilikuwa ikifungwa kesho yake mchana. Dhanmattie alifungua kompyuta ya marehemu, yenye maandishi makubwa kama ya gazeti la ukutani, akajaza fomu kwa kidole kimoja, akabonyeza. Asubuhi yalikuja majibu: *Bwana Jaikarran Sukhdeo, umepangwa kuwa msemaji wa kumi na nne.*

Kompyuta ilikuwa imejaza jina yenyewe. Ilifanya hivyo miaka kumi na mitano. Haikuambiwa kwamba mtu wake amefariki.

"Niwapigie simu wabadilishe?" Ligaya akasema. "Orodha haijafungwa."

Dhanmattie akalitazama jina lile kwenye kioo. Chumba kilikuwa kimoto, na mikono yake ilikuwa na baridi hadi kwenye viwiko.

"Acha," akasema.

Siku ya kikao alikwenda mapema: basi, halafu ile treni ya zamani ya juu inayotikisika, halafu treni ya chini ya ardhi. Hapo ndipo karibu abadili nia. Alishuka ngazi akakutana na joto, viti vikavu, treni iliyofika kabla hajamaliza kufungua koti. Mzee mmoja mbele yake alikuwa amelala mdomo wazi, viatu vya ngozi miguuni, Januari. Dhanmattie alivitazama viatu vile mpaka macho yakamlowa. Alielewa kitu alichokitaka Jaikarran. Hakikuwa treni hata kidogo. Alitaka kulala hivyo, safarini, bila kulinda mtu wala kitu.

Ukumbini, Egbert alikuwa amemwekea kiti. "Umeandikishwa?"

"Nimeandikishwa."

"Sema yaleyale. Mtaa umebeba, mtaa unastahili. Malizia na kiapo. Kile kiapo kinawaua."

Wasemaji wakapita mmoja mmoja, kila mtu dakika tatu, taa ya kijani, ya manjano, nyekundu. Profesa akasema gharama. Mwanafunzi akasema hewa. Mwenye duka akasema wakichimba barabara atafunga. Kisha karani akainama kwenye karatasi.

"Msemaji wa kumi na nne. Jaikarran Sukhdeo."

Hakuna aliyeinuka. Desturi yao ni kuita mara tatu kabla ya kumruka mtu. Karani akaita mara ya pili. Egbert akamgusa Dhanmattie kiwiko. "Wamekosea jina. Nenda uwaambie uandikwe wewe."

Karani akavuta pumzi aite mara ya tatu, na Dhanmattie akasimama.

"Yupo," akasema.

Alipoifikia maikrofoni aliona mvuke ukimtoka mdomoni. Ukumbi ule ulikuwa na joto la kuwafanya madiwani wavue makoti, na yeye mvuke ulikuwa ukimtoka kama yuko kwenye kona. Mwanamke aliyekaa mstari wa mbele akajifunga skafu bila kujua sababu. Mwenyekiti wa kamati, mama mwenye miwani ya mnyororo, akamtazama.

"Wewe ndiye Jaikarran Sukhdeo?"

"Ni jina lililoandikwa, Mwenyekiti. Ni zamu yake. Naomba aitumie."

Taa ikawaka kijani.

"Mimi Jaikarran Sukhdeo," Dhanmattie akaanza, na sauti yake ikashuka chini kuliko alivyoizoea, "nilikuja hapa miaka kumi na mitano kuwaomba treni ya chini. Niliomba kwa sababu nilichoka kupewa vya wengine. Bado nimechoka. Leo mke wangu amepanda treni yenu ya chini, na ni nzuri, na mlijua ni nzuri mlipojijengea. Hilo siliondoi."

Nyuma yake Egbert akasema "naam" kwa sauti ya kanisani.

"Lakini sikuangalia ramani. Nilipiga kelele miaka yote hiyo bila kuangalia ramani. Treni ninayoitaka haipiti kwangu. Haikuwahi kupita kwangu. Kwenye kona yangu kuna msichana anayesimama kila alfajiri akienda kuosha migongo ya wazee wenu, na mimi namsukuma kwenye upepo. Hiyo si heshima."

Taa ya manjano. Mvuke ulikuwa umezidi, sasa karani naye aliuona; kalamu yake ilisimama.

"Naunga mkono treni nyepesi, yenye kituo Haddow. Na kuna kitu nilisema kwenye kikao chenu katika ukumbi wa kanisa, kikaandikwa, kwamba siondoki pale mpaka treni ipite chini ya miguu yangu." Akaisogelea maikrofoni. "Nakiondoa. Andikeni kwamba nimekiondoa kwa hiari yangu. Na andikeni kwamba mke wangu alikuwa na haki, asubuhi ile, mezani."

Taa nyekundu. Hakuna aliyepiga makofi. Egbert Pusey alikuwa ameshasimama.

"Mwenyekiti, kwa utaratibu. Mtu huyo amefariki. Hawezi kubadili msimamo."

Mwenyekiti akavua miwani, ikaning'inia. "Bwana Pusey, tangu afariki umeshatuletea maoni yake mara nne. Hukuwahi kutuambia kuna tatizo."

"Zile zilikuwa barua zake za kweli."

"Na huyu ni mke wake wa kweli. Orodha ni orodha. Karani, umeandika?"

"Nimeandika," karani akasema, bila kuinua macho. "Bwana J. Sukhdeo ameunga mkono treni nyepesi. Ameondoa kauli yake ya awali."

"Msemaji wa kumi na tano," akasema Mwenyekiti.

Egbert hakumpa tena Dhanmattie kile kiti. Alilikunja koti lake akaliweka juu yake. "Umemfanya mtu msaliti kaburini," alinong'ona, na safari hii hakuwa akiuza kitu. "Alikuwa rafiki yangu, Mattie."

"Hana kaburi, Egbert. Ndiyo shida yenyewe."

Kura haikupigwa. Saa tisa na nusu kamati iliamua kwamba suala linahitaji uchunguzi zaidi, ripoti iletwe majira ya majani kuanguka, na ukumbi mzima, wa juu na wa chini, ukaguna kwa pamoja, jambo pekee walilokubaliana mwaka huo.

Dhanmattie alirudi peke yake. Jua lilikuwa limekwisha shuka alipopanda basi la Haddow stesheni, ingawa ilikuwa bado jioni changa. Januari hulala mapema. Kugan alikuwa kwenye zamu yake ya pili, watu wachache ndani, madirisha yana ukungu.

"Ulishinda, Anti?"

"Wanachunguza."

"Ah. Mwaka ule nilipofika nchi hii walikuwa wanachunguza." Kituo cha kawaida cha Dhanmattie, kile cha kabla ya kona, kikakaribia. Kugan akapunguza mwendo, akamwangalia kwenye kioo. Dhanmattie hakuinuka.

"Nipeleke mpaka kwenye kona," akasema.

Kugan akapita. Nyumba zikapita, miti iliyovuliwa, maduka mawili. Mbele ikaonekana nguzo ya kituo na kibanda chake cha kioo.

"Yupo?" Dhanmattie aliuliza. Yeye mwenyewe hakuwahi kumwona hata mara moja, na sasa pia aliona theluji tu.

"Jioni huwa hayupo," Kugan akasema. Halafu mguu wake ukakanyaga breki polepole, bila mtu kubonyeza kengele. "Leo yupo."

"Ameinua mkono?"

"Hapana. Ameushusha." Kugan akafuta ukungu kwenye kioo. "Ameshika kofia mkononi, Anti. Anakuangalia wewe."

Mlango ukafunguka, ngazi ikashuka. Dhanmattie akateremka, goti likalia, buti zikazama. Baridi ilimpokea usoni, karibu sana, kama pumzi ya mtu mrefu anayeinama. Aligeukia nyumbani na kuanza kuhesabu hatua sitini. Nyuma yake basi halikuondoka mara moja. Alisikia Kugan akisema sala za kwao kwa haraka, kisha mlango ukafungwa na injini ikaenda.

Ndipo akazisikia hatua za pili. Si za haraka. Mguu wa kulia mzito kidogo kuliko wa kushoto, kwa sababu ya mashine iliyomwangukia Jaikarran kiwandani mwaka wa tatu wa ndoa. Akasimama, zikasimama. Akaenda, zikaenda. Alikuwa amemwondoa kwenye kona, hilo ndilo alilokuwa amelitaka. Hakuwa amefikiria, katika miaka yote minne, kwamba mtu akiondoka mahali lazima awe anakwenda mahali.

Mlangoni alitafuta funguo. Kwao Berbice, anayerudi nyumbani giza limeingia, na akahisi amefuatwa, huingia kinyumenyume, uso ukitazama nje, ili kilichomfuata kisivuke kizingiti. Mama yake alifanya hivyo. Bibi yake alifanya hivyo hata akitoka kuchota maji tu. Dhanmattie naye, mkono ukiwa kwenye kitasa, aligeuka bila kufikiri na kuupa mlango mgongo.

Njia ilikuwa tupu. Kwenye theluji kulikuwa na nyayo zake, na pembeni yake nyayo nyingine, kubwa, zikiishia hatua mbili kutoka alipo. Zilikuwa zimesimama. Zilikuwa na adabu ya mtu aliyewahi kutoka kwenye nyumba ile na hasira na sasa hajui kama ataruhusiwa kuingia.

Alizitazama mpaka vidole vikamfa ganzi. Chini, kwenye dirisha la Ligaya, taa ilikuwa imewaka, na mtu alikuwa akiimba kwa lugha ya mbali huku akikaanga vitunguu.

Akageuka tena, uso ukiwa ndani. Akaingia wima, kama mtu aingiavyo nyumbani mwake mchana, akauacha mlango wazi nyuma yake. Baridi ikapita kando ya bega lake, ikatangulia sebuleni, na pazia la dirishani likasogea kama lililoguswa na mtu anayetafuta swichi.

"Vua viatu," akasema, akifungua vifungo vya koti lake bila kutazama. "Nimepiga deki asubuhi."

Akangoja. Kisha, hapo kwenye zulia la mlangoni, alisikia buti ya kwanza ikidondoka.